Mdogo wangu kakatwa mguu akiwa kazini, kiwanda kinataka asaini apewe laki nane. Tunaanzia wapi? (Mwanza)

Igogo_Juu

Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada hasa kwa mnaojua mambo ya haki za watu wenye ulemavu na mambo ya kazi, maana hapa nyumbani kila mtu anaongea lake na muda unaenda.

Mdogo wangu ana miaka 26, alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza, jina naliacha. Alikuwa upande wa kupakia maboksi kwenye kontena, kapiga kama mwaka na nusu hivi, mkataba wa karatasi hana, hela inaingia kila wiki kwa M-Pesa. Sasa usiku wa zamu foklifti ikarudi nyuma ikambana mguu wa kulia na ukuta wa chumba cha baridi. Hospitali walijitahidi sana kuuokoa ikashindikana, wakakata chini ya goti. Bili ya hospitali kiwanda kililipa, hilo niseme ukweli nisije nikawasingizia. Ila baada ya hapo kimya, mshahara hakuna, supavaiza hapokei simu, na sasa hivi ni kama miezi saba imepita.

Wiki iliyopita HR kampigia, eti kampuni imemuonea huruma inampa laki nane aanzishe biashara, ila asaini karatasi. Hiyo karatasi wameituma kwa WhatsApp nimeisoma, imeandikwa amepokea malipo yake yote na hatakuwa na dai lolote dhidi ya kampuni sasa na siku zijazo. Mama anasema saini mwanangu, hela ya watu ukiiringia inaondoka. Baba mdogo anataka mahakamani. Mwenyewe hasemi kitu, anaangalia mpira tu kwenye simu.

Halafu kuna shida nyingine, sisi tunakaa Igogo kule juu kwenye mawe, wanaopajua wanajua, gari haifiki, pikipiki haifiki, ni ngazi za kuchonga na sehemu nyingine unaruka jiwe hadi jiwe. Yeye ana magongo mawili. Mvua ikinyesha ndio hatoki kabisa. Tukimpeleka popote anabebwa mgongoni mpaka kwenye lami, na mtu mzima kubebwa mgongoni mbele ya watoto wa mtaa mnajua mwenyewe inavyokuwa.

Kwa hiyo asaini au asisaini, mguu wa bandia unapatikana wapi na kwa utaratibu gani, na hii mikopo ya halmashauri ya watu wenye ulemavu ni kweli ipo au ni ya wenye ndugu ofisini? Natanguliza shukrani, wabeja sana.

Dagaa_Kavu

Mkuu chukua hiyo laki nane kimya kimya. Kesi na mwenye kiwanda Tanzania hii utaenda miaka mitano nauli tu inakumaliza. Laki nane unapata gunia za dagaa za kuanzia, dogo anakaa mezani anauza, maisha yanaenda. Sheria zipo makabatini.

Karani_Mstaafu

Igogo_Juu usimsikilize huyo wa juu. ASISAINI. Mimi nimefanya kazi ofisi za utumishi za makampuni miaka mingi tu, hiyo karatasi naijua ilivyo hata bila kuiona na najua kwa nini imekuja leo na sio mwezi ule aliokuwa wodini.

Kuna kitu kinaitwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Upo kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, wenyewe ulianza kazi 2015. Kila mwajiri Tanzania Bara awe wa serikali awe binafsi anatakiwa ajisajili na achangie, sa hivi ni 0.5% ya mishahara yote anayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Kazi ya huo mfuko ni hiki hiki kilichompata dogo, mtu kaumia kazini, au kapata ugonjwa kutokana na kazi, au kafa kazini. Na haijalishi nani alizembea. Hata kama alisimama pale ambapo hakutakiwa kusimama, sio kesi ya kutafuta mwenye kosa, swali ni moja tu, aliumia akiwa kazini? Basi.

Sasa tupige hesabu maana laki nane inaonekana nyingi ukiitazama peke yake. Kwa kipindi ambacho daktari anasema mtu bado hawezi kurudi kazini WCF inalipa 70% ya kipato chake, na inaweza kwenda mpaka miezi 24. Tufanye alikuwa anapata laki mbili na nusu kwa mwezi, 70% yake ni 175,000. Zidisha kwa miezi saba uliyosema, ni 1,225,000. Tayari laki nane imepitwa na hapo hatujagusa mguu wenyewe. Maana baada ya hapo madaktari wanatathmini ulemavu wa kudumu kwa asilimia, ikiwa 30% au chini ya hapo analipwa mkupuo mmoja, ikizidi 30% analipwa pensheni kila mwezi. Kila mwezi ndugu yangu. Juu yake kuna matibabu na huduma za utengamao, mguu wa bandia na mazoezi vinaingia humo.

Unajua kwa nini nasema hiyo karatasi naijua? Hela ya WCF haitoki mfukoni kwa bosi, mfuko ndio unalipa. Sasa kwa nini bosi akimbilie kutoa laki nane yake wakati kuna mfuko wa kumlipia? Mara nyingi ni kwamba vibarua hawakuwekwa kwenye hesabu ya mishahara anayochangia, au ajali haikuripotiwa. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Kama hakutoa, hilo ni kosa lake na analijua, ndio maana anataka saini.

Cha kuogopa ni muda. Haki ya fidia inaweza kupotea kama ajali haijafika WCF ndani ya miezi 12. Mmekula saba. Kwa hiyo mambo ya mkopo, ya mahakama, ya nini, wekeni pembeni kwanza, hii ndio ya wiki hii. Mwambie na mama, kwa heshima zote.

mguu_chuma

Pole sana kwa dogo. Mimi nilikatwa chini ya goti kama yeye, ajali ya gari maeneo ya Usagara, sasa hivi ni fundi simu Makoroboi nasimama kutwa nzima na wateja wengine hawajui mpaka nivae kaptula.

Hayo ya hela wameshakujibu, mimi niongelee mguu maana kuna vitu hospitali wanavisema haraka haraka ukiwa bado umechanganyikiwa. Kwanza kukatwa chini ya goti, japo ni kubaya kusema, ni afadhali kuliko juu maana goti lake bado analo, na goti ndio kutembea kwenyewe. Kwa hiyo hilo goti alilinde. Asilale na mto chini yake hata kama anasikia raha, asikae kutwa amelikunja kwenye kiti, maana likikakamaa likiwa limekunjika mguu wa bandia hautakaa vizuri na hapo ni mazoezi ya kulia machozi. Anyooshe goti mara nyingi kwa siku, alale kifudifudi kidogo kila siku.

Pili kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki. Kigutu kinatakiwa kifungwe bandeji ya kuvutika, kinabana zaidi chini kuliko juu, ili uvimbe ushuke kikae umbo linaloingia kwenye soketi, ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia inayovaliwa kwenye kigutu. Ukifunga kama unafunga kifurushi, kinakuwa na shingo na fundi atakurudisha nyumbani. Aombe wamfundishe kufunga mwenyewe, sio afungwe. Na akiguse guse, akipapase kwa kitambaa laini halafu kigumu kidogo, ngozi izoee.

Kuhusu wapi, mimi nilianzia idara ya mifupa hospitali ya Bugando, wakaniandikia, nikapelekwa kwa mafundi wa viungo bandia. Hao mafundi ni taaluma kabisa, kuna chuo chao kule hospitali ya KCMC Moshi kinaitwa TATCOT tangu 1981, wanasomea kupima na kutengeneza. Anakupiga plasta kwenye kigutu, anatoa umbo, anatengeneza soketi, unajaribu, anarekebisha tena. Usikubali bei ya kuambiwa na mtu wa mtaani wala mguu wa mitumba wa kuletewa, soketi ni ya kigutu chako wewe, ya mwingine haikuingii. Na mwezi wa kwanza wa mguu ni wa kujifunza, unavaa muda mfupi unavua unaangalia ngozi, ikiwa na wekundu usioondoka unarudi kwa fundi, huvumilii. Wengi wameutupa mguu uvunguni kwa sababu ya kuvumilia kidonda.

Kingine mwambie asiogope, kile kidole gumba ambacho hakipo kitamuwasha usiku. Kipo kwenye ubongo, kweli kinauma, sio kurogwa na sio kichaa. Dawa zake zipo, amwambie daktari.

Mlima wa Bugando na magongo nao mh, chukueni bajaji impeleke mpaka mlangoni.

Dada_wa_Mwaloni

Mimi nijibu ya mkopo kwa sababu ninao. Natumia baiskeli ya magurudumu matatu, polio tangu mtoto, nafanya biashara ya dagaa hapa mwaloni Kirumba.

Mikopo ipo ni kweli. Halmashauri inatenga 10% ya mapato yake ya ndani, 4% wanawake, 4% vijana, 2% sisi watu wenye ulemavu, imewekwa kwenye sheria tangu 2018, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 baada ya lile sakata la vikundi hewa kwenye ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikarudi 2024 na taratibu mpya. Kwa upande wetu hawalazimishi kundi kubwa kama wengine, hata mtu mmoja anaweza kuomba. Unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nyie wa Igogo ni wilaya ya Nyamagana kwa hiyo mnaomba halmashauri ya Jiji, msije kupanga foleni manispaa ya Ilemela bure, watu wanafanya hivyo wanapoteza siku nzima.

Kuhusu ndugu ofisini, sitaki kusema uongo, kujuana kupo kama kulivyo kila mahali, lakini nilichokiona mimi ni kwamba wengi wetu tunashindwa mapema, barua haijakamilika, andiko la biashara limeandikwa na mtu wa steshenari kwa kunakili la mwenzako wa ufugaji kuku, akaunti ya benki hakuna. Ukiwa na karatasi zilizonyooka unasumbua mpaka wanachoka.

Sasa ushauri wangu, asikope SASA. Kumpa mtu aliyetoka wodini mkopo ni kumuongezea mzigo. Dagaa wana msimu wao, mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaendi ziwani, hakuna mzigo au upo kwa bei ya kuua, na marejesho hayajui mbalamwezi. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nauza hasara ili nirejeshe. Dagaa_Kavu hapo juu anaongea kama vile dagaa wanajiuza wenyewe, gunia linabebwa, linaanikwa, linageuzwa mchanga usiingie, ukiwa umekaa chini na gongo nani anakugeuzia? Unamlipa mtu. Faida inaenda kwake.

Na mjiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Sheria Na. 9 ya 2010 ya watu wenye ulemavu imeweka kamati na daftari kuanzia mtaa kwenda juu. Sehemu nyingine hiyo kamati ni jina tu, sehemu nyingine wanafanya kazi, lakini kama hujaandikwa popote hata kiti mwendo kikija cha msaada jina lako halipo. Pia muulizeni huyo wa ustawi viongozi wa CHAWATA hapa Mwanza, ni chama cha wenye ulemavu wa viungo, dogo akutane na watu wa hali yake badala ya kukaa na ndugu wanaomtazama kwa huruma.

Dagaa_Kavu

Dada nimekuelewa kwenye dagaa. Ila hiyo WCF kibarua asiye na mkataba atathibitishaje? Watamwambia hatukujui wewe. Nimeona kwa macho yangu.

Karani_Mstaafu

Swali zuri kabla hujanikera tena. Mkataba wa mdomo nao ni ajira, na aliyetakiwa kuandika karatasi ni mwajiri sio kibarua. Ushahidi upo mwingi kuliko mnavyodhani. Zile meseji za M-Pesa za kila wiki zenye jina la kampuni au la mtu wa malipo, asizifute, na kama simu imeshabadilishwa aende kwenye huduma kwa wateja akachukue taarifa ya miamala ya mwaka mzima. Kitambulisho cha getini. Daftari la kuingia zamu. Wenzake wa zamu ile. Rekodi ya hospitali, angalieni fomu ya siku ya kwanza imeandikwa nini, daktari huwa anauliza "umeumiaje" na anaandika. Na nani alilipa bili? Kampuni. Risiti ya hospitali ina jina la mlipaji. Kampuni isiyomjua mtu inamlipiaje bili ya kukatwa mguu?

Na hiyo WhatsApp ya HR yenye ile karatasi, wakuu, hiyo ni zawadi. Wamekiri wenyewe. Ihifadhi na namba ya simu ionekane na tarehe ionekane.

Igogo_Juu

Dah sijui niseme nini, nimesoma zote usiku huu. Meseji za M-Pesa zipo, nimezikagua, kuanzia mwaka jana zipo zote. Kitambulisho walikichukua pale hospitali, yule jamaa aliyekuja na gari ya kampuni alisema anakitunza.

Mama nimemsomea ile hesabu ya Karani, kakaa kimya halafu kauliza "hiyo ya kila mwezi ni mpaka lini?" Sasa naona amehamia upande wetu lol.

Ila je, HR akipiga tena tumwambieje? Anasema mwisho wa ofa ni Ijumaa. Na ile ya kusimamishwa kazi bila hata barua tunaiachia hivi hivi?

Malimbe_Sheria

Nasoma sheria hapa chuo kikuu cha SAUT mwaka wa mwisho, sio wakili bado, chukua kama maoni ya mwanafunzi.

HR akipiga msigombane. Mwambie tu "tunaomba utuandikie tuisome na familia". Ofa ya huruma haina mwisho wa Ijumaa, Ijumaa ni ya kukutia presha. Na hata kama mtu ameshasaini karatasi ya namna hiyo (naandika kwa watakaosoma baadaye) asikate tamaa, aende WCF vile vile, haki ya fidia ya kisheria sio kitu ambacho mwajiri anakinunua kwa karatasi ya wodini.

Kuhusu kuachishwa, hiyo ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kufungua hakuna ada, unajaza fomu CMA F1. Tatizo ni muda, kuachishwa isivyo haki ni ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Nyie mmepita, ila kuna kuomba kuongezewa muda, fomu CMA F2, unaeleza sababu za kuchelewa, na mtu aliyekuwa wodini amekatwa mguu ana sababu ya kueleweka. Sisemi itapita, nasema inaombwa. Pia mtakachoulizwa ni lini hasa aliachishwa kama hakuna barua, kwa hiyo andikeni tarehe zote mnazozikumbuka. Kizuri ni kwamba kafanya kazi zaidi ya miezi sita, maana chini ya hapo mlango wa kuachishwa isivyo haki unakuwa umefungwa.

Na kisheria hawakutakiwa kumtupa tu. Kanuni za Utendaji Bora, tangazo la serikali GN 42 la 2007, zinataka mwajiri kabla hajamuachisha mtu kwa sababu ya kuumia aangalie kwanza kama kuna kazi nyingine anayoiweza au kama ile ya zamani inaweza kurekebishwa, na akiwa ameumia kazini hapo hapo ndio anabanwa zaidi. Halafu ile Sheria Na. 9 ya 2010 aliyoitaja dada, mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, angalau 3% wawe watu wenye ulemavu wenye sifa. Kiwanda cha minofu kina watu mia na zaidi. Sijawahi kuona kiwanda kinakaguliwa kwa hii 3%, nikubaliane na Dagaa_Kavu hapo, lakini ukiwa mezani CMA unaitaja na inaandikwa.

Hela ya wakili kama hamna, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata na hawatakiwi kuwatoza. Muulizeni afisa ustawi huyo huyo.

Karani_Mstaafu

Na muwe macho na vishoka. Habari ikishasambaa kwamba kuna fidia atatokea mtu na mkoba anasema yeye ana watu WCF, atawasaidia ichukue wiki mbili tu, apewe nusu. WCF haina dalali. Wana ofisi hapa Mwanza, unaenda kama unavyoenda benki, mnaanza nyie ndugu na nakala za karatasi, mnaeleza kwamba mhusika anaishi juu kwenye mawe na kushuka ni shughuli. Akihitajika mwenyewe ndio anashuka, siku moja na sababu inayojulikana.

Chochote mnachopeleka pigeni nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea mrudi nayo. Bila muhuri wa tarehe hujapeleka kitu.

Mama_Wawili_Mkuyuni

Samahani naingilia, mimi sina utaalamu ila hilo la mawe limeniuma maana tulikaa Mabatini juu na bibi yetu alipooza. Wadogo zangu hamieni chini. Najua nyumba ni ya familia na kodi ni hela, lakini chumba kimoja cha tambarare karibu na lami kitamsaidia kuliko dawa. Hata akipata mguu, kujifunzia kutembea kwenye ngazi za mawe ni kuanguka, na akianguka mara moja hatataka tena. Sisi tulimhamisha bibi tukabaki wengine juu, tukawa tunapokezana kulala naye. Daladala nazo mjiandae, konda akiona magongo anapiga bati twende, kwa hiyo karibu na kituo ambapo gari zinaanzia ndio pazuri, unaingia gari ikiwa imesimama tupu.

Igogo_Juu

Habari, hapa ni mimi mwenyewe, mwenye mguu, nimechukua simu ya braza amelala.

Nimesoma kila kitu nashukuru wote. Sikuwa nasema kwa sababu kila nikitaka kusema kuna mtu ameshasema. Mama Mkuyuni hilo la kuhama nilikuwa nalitaka mwezi wa pili huu, naogopa kuonekana nakimbia nyumbani.

Kitambulisho alichochukua yule jamaa nina picha yake, nilijipiga selfi nimekivaa siku ya kwanza kazini, ipo Facebook. Na wenzangu watatu wa zamu bado tunaongea, mmoja ameacha kazi pale kwa hiyo haogopi kuandika.

Mimi swali langu sio biashara. Biashara sijawahi kufanya na sitaki kuanza kujifunza kwa hela ya mguu. Kidato cha nne nimemaliza, kompyuta naiweza, pale kiwandani karani wa kuhesabu maboksi alikuwa akiumwa mimi ndio nashika lile karatasi usiku mzima na hesabu inatoka sawa na ya kontena. Malimbe nikienda CMA naweza kudai ile kazi badala ya hela? Au nikidai kazi nakosa hela?

Na mguu_chuma, huo mguu unaingia majini? Tulikuwa tunaenda kuoga ziwani Jumapili.

Malimbe_Sheria

Karibu sana kaka, afadhali umeshika simu.

Unaweza kuomba kurudishwa kazini, ni moja ya nafuu ambazo CMA inaweza kutoa, nyingine ni fidia ya kuachishwa. Kwenye fomu unaandika unachotaka, kwa hiyo usiandike "malipo yangu" kwa mazoea, andika kurudishwa, na hiyo ya kushika karatasi la maboksi iandike kama ulivyoiandika hapa, maana ndiyo inaonyesha kulikuwa na kazi nyingine unayoiweza na hawakuiangalia. WCF ni kitu kingine kabisa, fidia ya kuumia haifutiki kwa sababu umerudi kazini. Ile ya 70% ndiyo ya kipindi huwezi kufanya kazi, ukirudi inasimama, lakini ya ulemavu wa kudumu inatathminiwa kivyake.

Ila anza WCF kwanza. Miezi 12.

mguu_chuma

Mdogo wangu kuingia unaingia lakini usiuingize huo wa kazini. Soketi ya plastiki haina shida na maji, shida ni unyayo, ule ndani una sponji, ukinywa maji unaoza na kupasuka, na vyuma vya kiunganishi vinashika kutu, soksi za kigutu zikiloa zinakuchubua ngozi siku hiyo hiyo. Mimi nafika ufukweni nimeuvaa, nauvua nauweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya jiwe, naingia na gongo mpaka maji ya kiuno halafu namrushia mtu gongo. Kuogelea mguu mmoja unaenda kidogo upande, unazoea. Mwache mtu unayemuamini akae na mguu, watoto wanaupenda sana kuuchezea.

Ukiwa tayari kwenda Bugando niandikie inbox, Jumatatu asubuhi huwa nafungua kibanda saa nne kwa hiyo naweza kupanda na wewe, nikuonyeshe dirisha la kuanzia maana pale getini watakuzungusha. Vaa kaptula, na uje na kiatu cha mguu wa kushoto unachokipenda, fundi anatakiwa aone urefu wa kisigino chake.